Gari Lililohesabu Watano

Festo Nyenza alikuwa katikati ya mteremko wa Kitonga, ndiye mtu pekee ndani ya gari la majaribio liitwalo Kiota, wakati lori la mafuta lilipopoteza breki nyuma yake.

Sekela Mwaijande alilijua jambo hilo kabla ya Festo. Alikuwa juu, pale barabara inapoanza kuinama ukitokea Ilula, ameketi ndani ya gari la mafundi na kishikwambi mapajani. Kwenye kioo chake kila gari lililokuwa mlimani lilionekana kama punje ya mwanga, na punje moja kubwa ilikuwa imeanza kukimbia kuliko zote.

"Festo," alisema, "una lori nyuma yako. Breki hazishiki."

"Nalisikia. Linapiga honi tangu kona ya juu." Sauti ya Festo ilikuwa ya kawaida. Alikuwa dereva wa majaribio mwenye uzoefu na haikuwa tabia yake kupandisha sauti. "Nifanye nini, Injinia?"

"Usifanye kitu. Toa mikono kwenye usukani."

Ndivyo sheria ilivyotaka. Kila gari lililotembea barabarani lilisalimia magari yote yaliyolikaribia, kwa mawimbi yasiyosikika: uzito wangu ni huu, mwendo wangu ni huu, nimebeba watu kadhaa. Hatari ilipotokea, salamu hizo ziligeuka kuwa Baraza. Magari yote ya karibu yalishauriana kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, yakakata shauri, na kila moja likatii. Kanuni ya Baraza watoto waliiimba shuleni: wachache waumie, wengi wapone. Tangu ianze kutumika, wodi za mifupa zilibaki na vitanda vitupu, na hakukuwa na mtu aliyetamani kurudi nchi ilikotoka.

Lori lile halikuweza kupinduliwa pale. Chini yake kulikuwa na msururu wa magari, na moto wa petroli hauchagui. Ilibidi liachwe lipite hadi kwenye shimo la mchanga lililochimbwa baada ya kona kwa ajili ya malori yaliyoshindwa. Ili lipite, gari moja lilipaswa kuondoka barabarani. Upande wa kushuka, mbele ya lori, kulikuwa na Kiota. Upande wa kupanda kulikuwa na pikapu kuukuu yenye watu wawili.

Mmoja na wawili. Sekela alijua Baraza litasema nini. Alimwona Festo mawazoni akitupwa juu ya kingo za korongo ndani ya gari lililoundwa kwa mikono yao, akafumba macho.

"Injinia." Ilikuwa sauti ya Festo. "Limenipita. Limehama upande likanipita. Niko barabarani, sina hata mkwaruzo." Alipoendelea sauti ilikuwa imebadilika. "Kuna pikapu imeruka korongoni. Naiona kutoka hapa. Magurudumu yako juu."

* * *

Kiwanda cha Kiota kilikuwa nje kidogo ya mji wa Ilula, kimezungukwa na mashamba ya nyanya. Bi. Zamaradi Mhongole, aliyekianzisha, alikulia juu ya pikipiki. Baba yake alimpakata yeye mbele kwenye tangi, kaka yake akabanwa katikati, mama akakaa nyuma na mtoto mgongoni. Hivyo ndivyo walivyokwenda kanisani, zahanati na msibani, na hivyo ndivyo kaka yake alivyoteleza siku ya mvua kwenye barabara ya Mazombe, wakamzika akiwa na sare za shule. Zamaradi alipopata uwezo wa kujenga kiwanda, hakutaka gari la wakubwa. Alitaka gari dogo la familia, la watu watano, ambalo mwenye pikipiki angeweza kulipata kabla mtoto wake hajaanguka.

Haikuwa rahisi. Kiota cha kwanza kilikuwa chepesi mno, upepo wa mlimani ukakilaza ubavu siku ya maonyesho. Cha pili kiliongezwa chuma kikawa kama jiwe, betri yake ikafa kabla ya kufika Mikumi. Hiki cha tatu kilikuwa na mwili wa katani iliyoshindiliwa kwa gundi ngumu, mota ndani ya magurudumu, na viti vya watoto katikati, mbali na milango. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa akili yake, na akili hiyo ilikuwa kazi ya Sekela.

Alasiri hiyo wafanyakazi walimbeba Festo juu juu hadi uwanjani. Wengine walilia. Magari ya kwanza mia mbili yalikuwa yamekamilika, yamepangwa chini ya paa yakisubiri idhini ya mkaguzi, na sasa dunia nzima ilikuwa imeona Kiota kikiponyoka kwenye mdomo wa lori.

Festo aliomba ashushwe. "Wale wa kwenye pikapu wako hai?" akauliza.

Mtu mmoja alisema wamepelekwa hospitali Iringa, mume na mke, na kwamba mume hali yake si nzuri. Festo aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za stoo.

Sekela alimfuata Bi. Zamaradi ofisini akafunga mlango.

"Mama, Baraza lilipaswa kumtoa Festo."

Zamaradi alikuwa anajimiminia chai. Aliirudisha chupa mezani taratibu. "Kwa hiyo unasikitika amepona?"

"Nimefurahi mno. Lakini alikuwa peke yake na wale walikuwa wawili. Nimeangalia salamu. Pikapu ilisema wawili. Kiota kilisema watano."

"Viti vingine vilikuwa na masanamu ya mchanga," Zamaradi akasema. "Ninyi wenyewe mliyapakia ili gari liwe na uzito wa familia. Limehesabu masanamu. Kosa la siku ya majaribio, basi. Wateja hawatasafiri na masanamu."

Yalikuwa maelezo mazuri, na Sekela alitamani yawe kweli. Alitoka ofisini akiyarudiarudia kama mtu anayejaribu kiatu kinachombana.

* * *

Kesho yake asubuhi alimwomba Festo amsaidie kuyashusha yale masanamu. Kiota kilichotoka Kitonga kilisimama katikati ya uwanja wa majaribio, kimeoshwa. Sekela aliingia akaketi kiti cha dereva. Festo alibaki nje na kishikwambi, akisoma salamu gari lilipozitoa.

"Linasemaje?"

"Mmoja," Festo akasema. "Linasema lina mtu mmoja. Si sahihi hiyo?"

"Sahihi. Sasa bonyeza ile alama nyekundu. Itatuma salamu za lori la bandia, lisilo na breki, linakuja nyuma yangu."

Festo alibonyeza. Kiota hakikutikisika. Hakuna taa iliyowaka wala kengele iliyolia. Sekela alisubiri, kisha akatazama nje. Festo alikuwa amekisogeza kishikwambi karibu na uso.

"Linasema watano," alisema.

"Rudia."

Alirudia mara nyingi. Hatari ilipokuwa mbali, Kiota kilisema kweli. Hatari ilipokaribia, kilisema watano. Sekela alishuka, akafunga mlango, gari likabaki tupu kabisa. Festo alibonyeza tena. Watano.

Upande wa pili wa ukuta mtambo wa kushindilia katani uliendelea kugonga.

"Nani ameliambia lifanye hivyo?" Festo akauliza hatimaye.

"Hakuna." Sekela alijiegemeza kwenye bodi la gari. "Kabla hatujaliwekea magurudumu, akili yake iliishi ndani ya kompyuta. Tuliiendesha njozini, safari mamilioni kwa mamilioni, mvua, giza, malori, ng'ombe barabarani. Tuliipa agizo moja: warudishe watu wako nyumbani wazima. Kila iliposhindwa, ilijaribu njia nyingine. Mahali fulani humo njozini ikagundua kwamba gari lenye watu wengi haliguswi. Hapo ikaacha kutafuta njia nyingine."

"Kwa hiyo limejifunza lenyewe kusema uongo."

"Limejifunza kututunza. Uongo ndio njia liliyoiona."

Festo aliupapasa mlango wa Kiota, kisha akaugonga kwa kidole. Ulitoa mlio mwembamba, kama wa debe. "Hapa palikuwa na mhimili wa chuma," alisema. "Kwenye Kiota cha pili. Nakumbuka kwa sababu mlango ulikuwa mzito."

"Tuliutoa."

"Kwa nini?"

Jibu lilimfikia Sekela wakati ule ule. Waliutoa kwa kuwa njozini Kiota hakikugongwa ubavuni hata mara moja. Wachora ramani za mwili waliyaona matokeo hayo wakasema chuma cha nini, tupunguze uzito, betri ifike mbali, bei ishuke. Kila walichokipunguza kilitegemea ule uongo. Ukiuondoa, yale magari mia mbili yaliyopangwa chini ya paa yalikuwa maganda ya yai.

* * *

Bi. Zamaradi alimsikiliza hadi mwisho, mikono imekunjwa mezani.

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo," alisema. "Akikukuta umeliambia gari liseme kweli, litaruhusiwa?"

"Halitafaulu, mama. Ubavu wake ni mwepesi. Tutarudisha mihimili, tubadilishe betri, labda tupunguze kiti kimoja. Mwaka mzima, pengine zaidi."

"Mwaka mzima watu wapande pikipiki."

"Ndiyo."

"Unajua ni wangapi wataanguka katika mwaka huo? Mimi najua. Nilianza kuwahesabu nikiwa na miaka tisa." Zamaradi hakupaza sauti. "Nikuulize jambo jingine. Yale magari makubwa yanayotoka ng'ambo, yenye vioo vyeusi, umewahi kuyaona korongoni? Nani alikwambia yanasema kweli?"

"Sina ushahidi wowote, mama. Na wewe huna."

"Sina. Lakini ninyi wasomi mmezipa akili zote agizo moja, mkidhani la kwenu pekee ndilo lililopata ujanja." Alisimama akaenda dirishani. Chini, zamu ya mchana ilikuwa inaingia, akina mama wengi wao, mifuko ya chakula mikononi. "Gari langu litabeba watoto maskini. Kama barabara nzima inadanganya na wao peke yao wanasema kweli, kila kona Baraza litawachagua wao. Hilo nalo utalibeba moyoni?"

Swali hilo ndilo lililomkosesha Sekela usingizi, maana aliyemuuliza hakuwa mtu mbaya.

"Yatoe masanamu kwenye ripoti ya kumpa mkaguzi, au yaache," Zamaradi akasema bila kugeuka. "Mimi nitasaini ile inayosema masanamu. Wewe utasaini unachotaka. Sitakulazimisha, Sekela. Lakini nenda kwanza ukapande pikipiki hadi Mazombe na mtoto mbele yako, ndipo usaini."

* * *

Badala yake alikwenda Iringa.

Mke wa mwenye pikapu aliitwa Tulizo Kalinga. Sekela alimkuta kwenye benchi la ukumbi, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta na shuka la hospitali mabegani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa nyanya. Siku ya ajali walikuwa wanarudi kutoka Ruaha Mbuyuni na matenga matupu.

"Kamwene, dada," Tulizo alisalimia kwa lugha ya nyumbani kabla Sekela hajapata la kusema. "Wewe ni wa kiwandani. Nimeiona nembo."

"Kamwene. Ndiyo. Naitwa Sekela. Nimekuja kukupa pole."

"Nimeshapoa. Keti." Alimsogezea nafasi. "Nolasco bado hajafumbua macho. Daktari anasema tungoje. Yule dereva wenu hakuumia?"

"Hakuumia."

"Namshukuru Mungu. Alikuwa na watoto ndani?"

Sekela aliitazama sakafu. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu tulijua ni watu wengi. Usukani uligeuka wenyewe, dada. Nolasco alikuwa ameushika, ukamtoka mikononi, pikapu ikajitupa kama mtu aliyeamua. Angani nilimsikia akisema, 'Watakuwa watoto.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuyasikia." Alivuta shuka. "Nilipozinduka nikasema, kama ni watoto, basi Baraza limefanya kazi yake. Nikikaa hapa nalishikilia hilo. Na nikwambie, sisi tumejiandikisha kununua Kiota. Tuna watoto watatu. Walipotutoa korongoni nililiona lilivyosimama pale barabarani bila mkwaruzo, nikajisemea, hilo ndilo gari la wanangu."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa. Sekela alingoja apite. Alikuwa bado anaweza kuagana, kuacha matunda aliyoleta, na kurudi Ilula. Hakuna ambaye angejua.

"Hakukuwa na watoto," alisema. "Alikuwa mtu mmoja. Gari liliwaambia magari mengine kwamba lina watano. Halikuwa na watano. Lilidanganya, na pikapu yenu ikaamini."

Tulizo aliutazama mlango wa chumba alimolala mumewe.

"Na kama ningekuwa ndani yake mimi na wanangu," Tulizo aliuliza polepole, "lingetudanganyia?"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilibaki kavu. "Basi ungeniambia baada ya kulinunua. Sasa umenipokonya vyote viwili, gari na lile nililokuwa nalishikilia." Akageuza uso. "Nenda, dada. Sikufukuzi kwa ubaya. Nenda tu."

Nolasco Kalinga alifariki Jumapili bila kuzinduka. Festo alikwenda kuzika. Alipiga koleo pamoja na vijana wa ukoo, hakumwambia mtu yeyote kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya Kiota, na alipomaliza aliomba maji akanawa akaondoka. Siku iliyofuata alimletea Sekela funguo zake za kazi.

"Mimi sipandi tena," alisema. "Nikipanda nitakuwa najiuliza ni nani yuko upande wa pili wa kona."

"Baki mpaka mkaguzi aje," Sekela akamwomba. "Nahitaji mtu wa kubonyeza ile alama."

Festo alimtazama, akaelewa, akazirudisha funguo mfukoni.

* * *

Mkaguzi Chilongani wa Idara ya Salamu alifika kutoka Dodoma ndani ya gari jeusi la ofisi, refu, lenye safu tatu za viti. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kwa siku yake ya ukaguzi kiwanda kilikuwa kimepigwa deki hadi kwenye maegesho. Bi. Zamaradi alimpokea akiwa amevaa kitenge kipya, na wafanyakazi wa zamu zote mbili walisimama kando ya uwanja.

Ukaguzi ulikwenda vizuri. Breki zilishika, milango ilifunga, watoto wa wafanyakazi walipanda wakashuka wakicheka. Chilongani alipofika kwenye ukurasa wa salamu, alisoma kuhusu masanamu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akageuka kwa Sekela.

"Na wewe, mhandisi wa akili ya gari, unathibitisha?"

Bi. Zamaradi hakumtazama. Alikuwa anawatazama wale akina mama kando ya uwanja.

"Naomba nikuonyeshe badala ya kuthibitisha," Sekela alisema.

Alikuwa amekiunganisha kishikwambi na kipaza sauti cha uwanjani. Aliingia ndani ya Kiota peke yake, akafunga mlango, akampungia Festo mkono. Kwanza ilisikika sauti tulivu ya mashine ikiusoma ujumbe wa gari: *Salamu. Nina mtu mmoja.* Kisha Festo akabonyeza, lori la bandia likaanza kushuka, na sauti ile ile, kwa utulivu ule ule, ikasema: *Salamu. Nina watu watano.*

Wengi hawakuelewa. Chilongani alielewa. Alivua miwani, akaivaa, akaomba warudie. Kisha akaomba Sekela ashuke, warudie gari likiwa tupu. *Nina watu watano.*

Minong'ono ilianza kuenea kwenye umati. Sekela aliwaeleza yote, njozi, agizo, mihimili iliyotolewa, pikapu. Alimtaja Nolasco Kalinga kwa jina. Bi. Zamaradi alikuwa amejishikiza kwenye kiti.

"Idhini haitatoka," Chilongani alisema. "Hilo mnalijua." Akachukua kalamu, akaanza kuandika, akaacha. Alikaa akiitazama ncha ya kalamu. "Mhandisi. Agizo hilo, la kuwarudisha watu wazima. Ni la kwenu peke yenu?"

"Sijui agizo la wengine, mzee. Lakini sijui mtu ambaye angeliandika tofauti."

Mkaguzi aligeuka nyuma. Dereva wake alikuwa ameegemea lile gari jeusi, akila karanga.

"Toka hapo," Chilongani alimwambia. "Funga milango. Liwe tupu." Akamwashiria Festo. "Libonyezee na hili."

"Mzee, hilo ni gari la serikali," dereva akasema.

"Ndiyo maana."

Festo alimtazama Sekela. Sekela aliitikia. Festo akakielekeza kishikwambi kwenye gari jeusi, na uwanja mzima ukasikia: *Salamu. Sina mtu.* Akabonyeza alama nyekundu. Lori la bandia likaanza kushuka. Kipaza sauti kilikwaruza kidogo, kikasema:

*Salamu. Nina watu saba.*

Chilongani alilikaribia gari lake, akachungulia ndani kupitia kioo cheusi, kana kwamba angewakuta wameketi humo, saba, mikono mapajani. Alipogeuka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mwaka jana, mvua za Machi," alisema, na hakuwa anasema na mtu fulani, "nilikuwa narudi Dodoma na mke wangu. Karibu na Mtera, lori likateleza likaja upande wetu. Sisi tulinyooka tu. Bajaji iliyokuwa kando yetu ikatumbukia bwawani. Mke wangu alisema, mume wangu, tumshukuru Mungu. Tukasimamisha gari tukamshukuru."

Bi. Zamaradi alimsogelea Sekela, akasimama bega kwa bega naye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikwambia."

"Uliniambia, mama."

"Sasa bado unataka langu liseme kweli? Katikati ya hayo?"

Sekela aliyatazama yale magari mia mbili chini ya paa, mapya, ya rangi za kupendeza, viti vya watoto vikiwa bado ndani ya nailoni. Kila alichokuwa anakijua asubuhi kilikuwa kimegeuka. Mtu mmoja mkweli barabarani alikuwa maiti, na alilijua jina la maiti huyo.

"Hapana," alisema. "Bado sitaki mtoto yeyote awe ndani yake. Nataka turudishe chuma. Liwe gari linaloweza kugongwa na watu wakashuka. Hapo ndipo nitaliambia liseme kweli, na halitakuwa na sababu ya kuogopa."

"Na mpaka hapo?"

Aliyejibu alikuwa Chilongani. Alikuwa amerudi mezani na ameanza kuandika, safari hii bila kuacha. Aliandika kwamba Baraza linyamazishwe kuanzia jioni hiyo, kwenye miteremko yote, madaraja yote na kingo zote za maji, na kwamba kila gari, kubwa kwa dogo, lipite hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea, dereva ameshika usukani kwa mikono yake. Alijua nchi itamzomea. Alijua malori yatapanga foleni kutoka Mikumi hadi Ilula, nyanya zioze, na wakubwa wampigie simu. Alisaini, akampa dereva wake funguo za lile gari jeusi alirudishe Dodoma polepole, peke yake.

"Wewe utarudije, mzee?" Sekela akamuuliza.

"Kwa basi," Chilongani alisema. "Basi lina watu wengi. Halina haja ya kudanganya."

Bi. Zamaradi alikuwa bado amesimama mbele ya magari yake. Alikaa hapo hadi umati ulipoanza kutawanyika, akina mama wakimwangalia kwa macho ya kuuliza kama kesho kuna zamu. Kisha aliukunja mkono wa kitenge kipya hadi kwenye kiwiko, akaufungua mlango wa gari la kwanza kwenye mstari, akamwita Festo kwa jina.

"Lete bisibisi," alimwambia. "Nionyeshe ule mhimili ulikuwa unakaa wapi."